Insha 72, zote za pilau na soda

BARUA

Walimu washauri, habari za kazi.

Nafundisha Kiswahili darasa la tatu kwenye shule ya msingi ya serikali, nje kidogo ya mji wa Moshi. Nina watoto 72, dawati moja wanakaa watatu. Zimebaki wiki tatu tufunge shule na akili zao zimeshapanda basi. Nikaona nitumie sikukuu hiyohiyo kuwafundishia kusoma na kuandika. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili sikuridhika.

Mara ya kwanza nilichapisha karatasi za Krismasi nilizozikuta kwenye intaneti: mzee mwenye ndevu nyeupe, kulungu mwenye pua nyekundu, nyumba iliyofunikwa na theluji. Watoto walipaka rangi kipindi kizima, wakafurahi, wakatoka. Hakuna aliyesoma hata neno. Mara ya pili niliwapa insha, "Krismasi Yangu". Nilipokusanya madaftari nikakuta jambo lilelile limeandikwa mara 72: "Siku ya Krismasi nilivaa nguo mpya. Nilikula pilau. Nilikunywa soda. Nilifurahi sana." Hata wale ambao najua hali ya nyumbani kwao wameandika hivyohivyo. Siku mbili baadaye mzazi mmoja Mwislamu akaja kuniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini mwanawe ameandikishwa habari za Krismasi yake. Sikuwa na jibu. Karibu theluthi ya darasa ni Waislamu.

Watoto 14 bado wanakwama kwenye silabi. Vifaa nilivyo navyo ni rimu moja ya karatasi, manila sita, maka peni nne, chaki na gundi. Hela ya fotokopi hakuna. Vipindi vyangu ni vya dakika 40. Nifanye nini katika wiki hizi tatu, na Januari tukirudi nifanye nini?

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Moshi

JIBU

Mwalimu, shukrani kwa kutuandikia kabla ya kufunga, maana wiki tatu zinatosha.

Tuanze na zile insha. Watoto wako hawana kosa. Kichwa "Krismasi Yangu" kinamtaka mtoto asimulie siku ambayo bado haijafika, kwa msomaji asiyemjua, tena kinamdokezea kwamba lazima iwe siku ya raha. Mtoto wa miaka tisa akibanwa hivyo huandika kile anachojua kitapata vema. Asiye na nguo mpya anaazima ya mwenzake wa dawati moja. Tazama pia vitenzi vyao: "nilivaa", "nilikula", na sisi tuko Novemba. Krismasi gani hiyo aliyokwisha kula? Hapo ndipo tungekushauri uanzie, kwenye kitenzi, kwa sababu sarufi ya Kiswahili yenyewe inakugawia kazi za sikukuu kwa majira yake.

Sasa hivi, kabla sikukuu haijafika, mambo matatu yanaandikika kwa ukweli. Yale ambayo watu hufanya kila mwaka, kwa hu-. Yale tunayopanga, kwa -ta-. Na maombi au maelekezo: njoo, uje, menya, uniletee. Yaliyotokea, yaani -li- ikifuatwa na -ka-, yasubiri Januari, mtoto akiwa na kitu cha kusimulia. Ukishika mgawanyo huo hutakosa kazi, na hakuna mtoto utakayemlazimisha kutunga uongo.

Kuhusu yule mzazi: ana haki, na dawa ni nyepesi. Badili kichwa kiwe "Sikukuu nyumbani kwetu" na umwache mtoto achague mwenyewe: Krismasi, Idi, Pasaka, Mwaka Mpya, Uhuru. Kwa hu- hata Idi iliyo mbali inaandikika leo, maana "siku ya Idi baba huamka alfajiri" ni kweli mwezi wowote. Kumbuka wapo pia watoto wa familia za Kikristo zisizosherehekea Krismasi. Ukitaka hao wote waandike, usiulize watavaa nini, watapata zawadi gani wala watakula nini. Uliza nani anakuja, nani anafanya kazi gani, sauti gani zinasikika, maji yanachotwa wapi, nani analala wapi wageni wakijaa. Kila nyumba ina majibu ya maswali hayo, hata ile isiyo na pilau.

Zile karatasi za theluji ziweke pembeni. Mtoto wa Moshi anaijua theluji kuliko watoto wengi wa Afrika, asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kikiwa wazi anaiona kutoka uwanja wa shule. Tatizo la karatasi zile ni kwamba hazina maneno ya kusoma, na maneno machache yaliyomo hatayakuta tena popote.

Wiki ya kwanza ni ya hu- na ya manila moja. Waambie wageukiane wawili wawili, dakika mbili, kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja ambalo watu wa kwao hufanya sikukuu ikikaribia. Kisha pokea sentensi sita kutoka kwa watoto sita na uziandike mbele yao, maneno yao wenyewe, ukirekebisha kidogo tu. Utapata kitu cha namna hii:

Sikukuu ikikaribia, watu hurudi nyumbani.
Mabasi hujaa wageni na mizigo.
Mama hupaka ukuta chokaa.
Kaka hukata majani ya ng'ombe.
Watoto huchota maji mengi.
Jioni wote hula pamoja.

Sentensi sita zinatosha, kila moja isizidi maneno saba. Tumia maka nyeusi au ya bluu. Nyekundu na njano hazionekani kutoka nyuma. Herufi ndogo kama "a" iwe na urefu wa sentimita tatu hivi, na kabla ya kipindi simama nyuma ya dawati la mwisho ujaribu kusoma mwenyewe. Andika jina la mtoto mwishoni mwa sentensi yake. Atakuja kuisoma hata wakati wa mapumziko.

Kuna jambo moja la kisarufi hapa linalowasaidia sana watoto dhaifu: hu- haibadiliki. Mimi huamka, wewe huamka, sisi huamka, wao huamka. Hakuna kiambishi cha nafsi cha kukosea. Kosa utakaloliona ni "anahuamka" au "wanahuamka", kwa sababu mtoto anaona kitenzi kimekosa mwenyewe. Mweleze kwamba hu- imekaa mahali pa "ana-" na "wana-", hazikai pamoja. Lingine ni vile vitenzi vifupi: tunasema "hula", "hunywa", "huja", lakini "atakula", "atakunywa", "atakuja". Usitoe kanuni ndefu, ziandike jozi hizo pembeni mwa ubao na ziache hapo wiki nzima.

Kusoma manila ndipo walimu wengi tunapojidanganya. Unanyoosha fimbo, darasa linaimba sentensi zote sita bila kosa, unadhani wanasoma. Angalia macho: wengine wanatazama dirishani. Wamekariri kwa sikio, kwa sababu sentensi ni zao. Kwa hiyo baada ya kusoma pamoja mara mbili, vuruga mpangilio. Elekeza fimbo sentensi ya nne kwanza. Onyesha neno "mizigo" peke yake. Funika "hukata" kwa kipande cha karatasi na uulize neno gani jingine lingekaa hapo: hubeba, huleta, hutafuta. Halafu badili neno moja bila kusema, andika "Mabasi hujaa ng'ombe na mizigo", na uone nani anacheka. Anayecheka anasoma.

Kesho yake wagawe makundi 12 ya watoto sita, madawati mawili yanayotazamana. Kila kundi lipe karatasi mbili za A4. Karatasi moja ikilazwa na kukatwa mara mbili kwa urefu wake inatoa vipande vitatu vyenye kimo cha sentimita 7, kwa hiyo karatasi mbili zinatoa vipande sita, sentensi moja kwa kila mtoto. Wananakili kutoka kwenye manila, kisha wanakata kila sentensi kuwa maneno, wanachanganya, wanapanga upya. Kabla ya kukata, waandike namba ya kundi nyuma ya kila neno, 1 hadi 12. Ukisahau hilo, vipande vikidondoka chini utamaliza kipindi ukigombanisha watu. Kundi likimaliza mapema, ondoa neno moja kwa siri na waseme limekosekana lipi.

Wale 14 wagawe mmoja au wawili kila kundi na wape sentensi fupi, "Jioni wote hula pamoja" au "Watoto huchota maji mengi". Usiwatenge na kuwapa picha za kupaka rangi wakati wenzao wanaandika, maana ndio wanaohitaji maneno kuliko wote. Wakati darasa linaendelea na kazi, waite mbele saba leo na saba kesho, dakika kumi. Chukua silabi kutoka kwenye sentensi hizohizo: ma, ja, ji, ni, la, hu. Ziandike kwenye vikadi vya boksi, waziunganishe: maji, majani, lala, hula, huja. Silabi wakizipata ndani ya neno wanalolijua, zinakaa kuliko ba be bi bo bu inayoimbwa. Ng' iache siku yake peke yake. Andika "ngoma" na "ng'ombe" zikiwa jirani, watamke huku wakishika pua. Kwenye ng'ombe sauti inatokea puani moja kwa moja, na ile alama ya juu ndiyo inayotuambia hivyo. Watoto wengi huiacha kwa sababu wanaona ni doa la maka.

Tukupe sasa namna ya kusahihisha, maana madaftari 72 ndiyo yanayowachosha walimu hadi wanarudi kwenye kupaka rangi. Kwa kila kazi sahihisha aina moja tu ya kosa, na uwatangazie mapema ni ipi. Chukua sentensi kama hii, ambayo katika darasa lolote la tatu utaikuta:

Tuta kwenda rombo kwa bibi nababa ame nunua mbuzi.

Mna makosa ya aina tatu humo. Ukiyazungushia yote kalamu nyekundu mtoto haoni kitu, anaona damu. Chagua nafasi kati ya maneno, maana hilo ndilo linalomzuia msomaji. Lakini usimwambie tu "unganisha" au "tenganisha", mpe kipimo atakachobaki nacho: ajaribu kupachika neno "leo" katikati. "Na leo baba" inasemeka, kwa hiyo "na" na "baba" ni maneno mawili. "Tuta leo kwenda" haisemeki, atasikia mwenyewe imevunjika, kwa hiyo "tutakwenda" ni neno moja. "Ame leo nunua" vilevile. Asiyeshika hapo, mwandikie TU, TA na KWENDA kwenye vipande vitatu vya karatasi, umpe gundi abandike ubavu kwa ubavu bila mwanya. Mkono unakumbuka. Herufi kubwa ya Rombo ingoje kazi inayofuata.

Neno "sikukuu" lenyewe watalikosea kwa namna mbili: "sikuku" na "siku kuu". Ni neno moja, na mwishoni zipo u mbili. Wapigie makofi manne, si-ku-ku-u. Na wale wanaochanganya l na r wataandika "uhulu" na "kura pilau". Wape jozi ambazo kosa linabadili maana: kula na kura, mahali na mahari. Kosa likiwa na maana ya kuchekesha, mtoto analisikia.

Wiki ya pili ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni maelekezo, na hapa uko mahali pazuri: mtori, ile supu ya Kichaga ya ndizi na nyama. Andika hatua saba kwenye ubao zikiwa zimevurugwa:

Ponda ndizi kwa mwiko.
Menya ndizi za mshare.
Weka chumvi, koroga, pakua.
Chemsha nyama mpaka iive.
Osha ndizi, zikatekate.
Chemsha mpaka ndizi zilainike.
Tia ndizi kwenye supu ya nyama.

Kila kundi lizipange na litetee mpangilio wake. Watagombana, na ugomvi huo ndio kusoma kwa ufahamu. Wapo watakaosema nyama ichemshwe kwanza ndipo ndizi zimenywe, na wengine kinyume chake. Wote wako sawa, waache watambue hivyo. Lakini anayeponda kabla ya kuchemsha arudi kusoma. Baadaye kila mtoto aandike maelekezo ya kazi moja anayoijua kwa mikono yake, hatua nne au tano. Isiwe lazima mapishi. Kuosha viatu vya shule, kufunga mbuzi, kupiga deki sebule, kupanga mkeka wa Idi. Kosa la kawaida ni kuruka hatua ambayo kwake ni ya wazi. Lisahihishe kwa kuigiza: soma maelekezo yake kwa sauti na ufanye lile tu lililoandikwa. Akisema "piga deki" bila kutaja maji, piga deki kavu.

Kazi ya pili wiki hiyo iwe Uhuru, sikukuu isiyomwacha mtoto yeyote nje, na nyinyi wa Moshi mnaitazama kwa macho. Hata mkifunga kabla ya tarehe 9 Desemba, habari hii inafaa:

"Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alisema tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Luteni Alexander Nyirenda alipanda mlima akiwa na mwenge na bendera mpya. Aliviweka kileleni. Leo kilele hicho kinaitwa Uhuru. Kina urefu wa mita 5,895."

Uliza maswali matatu, wala usizidishe. Moja jibu lake liko wazi: Nyirenda alikuwa na vitu gani viwili? Moja linahitaji kuunganisha sentensi mbili: kwa nini mwenge uliwekwa juu ya mlima na si uwanjani? Na la tatu jibu lake halimo kabisa: alipanda kwa siku ngapi? Utashangaa wangapi watajibu "siku tano" kwa kujiamini. Jibu sahihi ni "habari haisemi", na mtoto aliyezoea kutoa jibu hilo hatababaishwa kirahisi na maswali ya ufahamu huko mbele. Mwalimu aliyeko Arusha anaweza kutumia habari hiyohiyo, kisha aongeze sentensi kuhusu Azimio la Arusha la mwaka 1967 na mnara wake ulioko mjini, ambao watoto wengi wanaupita bila kujua umejengwa kwa ajili gani.

Vitendawili vifunge wiki hiyo, dakika ishirini za Ijumaa. Robo ya A4 kwa kila mtoto, karatasi 18 zinatosha darasa zima. Mbele kitendawili, nyuma jibu. Masharti ni mawili: jibu liwe kitu cha sikukuu, na jina lake lisitajwe. "Watu wote wananitafuta angani jioni moja, wakiniona kesho wanavaa nguo nzuri" ni mwezi mwandamo. "Tumezaliwa pamoja tukiwa tumevaa kijani, tukikua mama anakatwa" ni ndizi. Wategane kama ilivyo desturi, kitendawili, tega, na asiyejua atoe mji. Wengine watamaliza karatasi wakieleza rangi tu. Waulize kitu hicho kinafanya nini au kinafanywa nini.

Wiki ya tatu ni ya barua, na hii ndiyo kazi ambayo tungependa usiiache hata ukikosa muda wa nyingine zote. Desemba inamiminia watu Rombo, Marangu, Machame, Kibosho na Mwika. Kila mtoto anayepanda kwa bibi au babu ni posta tayari. Barua haihitaji stempu, inasafiri mfukoni mwake. Asiyesafiri aandikie anayekuja, au jirani, au dada aliye bweni, au mtoto wa darasa la kwanza hapo shuleni. Kila barua iwe na jina la mtu halisi kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Hatari ya kazi hii tunaijua wote: mwalimu anaandika ubaoni "Nakutakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya", na watoto 72 wananakili. Huo ni mwandiko, haujawa uandishi. Ubaoni weka salamu na kuagia tu. "Shikamoo bibi," kwa mkubwa, "Hujambo" kwa rika. Wanaosalimiana "Asalaam aleikum" waandike hivyo. Mwisho "Mjukuu wako," au "Rafiki yako," na jina. Katikati mtoto ajaze mambo matatu: habari moja, ombi moja, swali moja. Kwa mfano:

Shikamoo bibi,
Tutafika Ijumaa na basi la asubuhi. Naomba uniwekee maziwa mgando. Je, yule mbuzi mweupe ameshazaa?
Mjukuu wako,
Neema

Hapo pana -ta-, pana "uniwekee", pana alama ya kuuliza inayofanya kazi ya kweli. Swali ndilo roho ya barua, kwa kuwa linadai jibu. Mkatalie swali la "hujambo?" peke yake, aulize jambo ambalo mpokeaji tu ndiye anayelijua.

Rasimu ianze kwenye daftari, kipindi kimoja. Kipindi cha pili asomewe na mwenzake, ambaye kazi yake ni moja: kusema kama ameelewa nani anakuja, lini, na anaulizwa nini. Cha tatu anakili safi kwenye nusu ya A4. Karatasi nyeupe bila mistari huwapandisha watoto mlima, mstari unaanza chini na kuishia juu. Usihangaike na rula 72. Ikunje nusu hiyo katikati, tena katikati, tena katikati, kisha ikunjue: umepata nafasi nane zenye kimo cha sentimita 2.6, na mkunjo ndio mstari. Nafasi ya kwanza salamu, tano zinazofuata barua, mbili za mwisho kuagia na jina. Picha ya mapambo iwe upande wa nyuma na ichorwe mwisho kabisa. Ukiruhusu picha kwanza, barua haitaandikwa.

Kisha wafanye mazoezi ya kuisoma kwa sauti, kila mmoja mara tatu kwa watu watatu tofauti. Si kila bibi anasoma, na wengine macho yamechoka. Mtoto atasimama sebuleni amsomee, na hapo hakuna kuimba kwa pamoja. Mfundishe kutua kwenye nukta, kupandisha sauti kwenye swali, na kumtazama msikilizaji akimaliza. Wale 14 barua zao ziwe za sentensi mbili. Wakutamkie wewe, uandike kwa penseli kwa wepesi, wao wapitishie kalamu juu na kuisoma kwa kidole. Ni barua yao kamili, na bibi hatajua tofauti.

Siku ya kufunga wape agizo moja tu la likizo: kila mtoto arudi na jibu la swali lake, hata kama ni la mdomo, na kipande kimoja cha maandishi alichokiokota safarini au nyumbani. Tiketi ya basi, lebo ya soda, karatasi ya biskuti, kadi ya mwaliko, risiti ya duka. Havina gharama, na asiyesafiri naye anavyo.

Januari, juma la kwanza, bandika vipande hivyo kwenye manila na mvisome. Kwenye tiketi wasome mahali pa kutoka, mahali pa kwenda, tarehe na nauli. Kwenye lebo watafute tarehe ya mwisho wa matumizi. Ndipo ije insha, na sasa "nili-" ina haki yake. Lakini usiwape siku nzima, watarudi kwenye pilau na soda. Wape nusu saa moja waliyoichagua: kufika, kuku alipotoroka, umeme ulipokatika, mgeni alipogonga hodi usiku. Wasimulie kwanza kwa mdomo kwa mwenzao wa dawati. Sentensi ya kwanza ibebe -li- ili tujue ni lini, zinazofuata ziendelee na -ka-: "Tulifika saa kumi jioni. Mbuzi akakata kamba, akakimbilia migombani, babu akapiga kelele." Watakaoanza moja kwa moja na "nikaenda" waulize, baada ya nini? Na wale wa "akakula" wakumbushe ile orodha ya pembeni mwa ubao: alikula, lakini akala, alikuja, lakini akaja.

Pasaka na Idi zikifika utarudia mzunguko huu kwa haraka zaidi, hu- na -ta- kabla, -li- na -ka- baada. Kwenye kalenda ya darasa usiandike tarehe ya Idi kwa maka ya kudumu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi, Idi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka na siku yenyewe hungoja mwezi uandame. Pasaka nayo huhama, kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Muungano, 26 Aprili, hauhami. Waache watoto wenyewe wakuulize kwa nini.

Hesabu ya vifaa ni hii: vipande vya sentensi karatasi 24, vitendawili 18, barua 36 pamoja na 5 za watakaoharibu, insha ya Januari nusu karatasi kwa mtoto, 36. Jumla 119 kati ya 500 za rimu yako. Manila moja ya hu- na moja ya vipande vya Januari, zinabaki nne. Ile ya hu- izungushe kwenye mrija, uifunge kamba na kuitundika juu ukutani kabla ya kufunga shule. Ukiiacha kabatini likizo nzima, panya wataila.